Kabla KCSE Haijaondoka: Mtihani Uliorekebishwa Sana, Ukathibitishwa Kidogo

Mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne nchini Kenya, KCSE, umebebeshwa kazi mbili. Ya kwanza ni kuonyesha mwanafunzi amejifunza nini katika miaka minne ya sekondari. Ya pili ni kuamua nani ataingia chuo kikuu na nani ataelekezwa kwenye diploma, cheti au kozi ya ufundi. Kizingiti cha shahada ni gredi ya wastani ya C+, ambayo kwa hesabu ya masomo saba ni pointi 46 hadi 52 kati ya 84. Mtoto wa Kongowea, Mombasa, aliyepata pointi 45 na mwenzake wa Mkomani aliyepata 46 wanaweza kuwa wametenganishwa na jibu moja tu la hisabati, lakini ni huyo wa pili pekee mwenye haki ya kuomba nafasi ya shahada moja kwa moja.

Mtihani wenye uzito kama huo hurekebishwa kila unapoonekana una kasoro. Pia huhitaji kuthibitishwa, yaani kuonyeshwa kwa ushahidi kwamba baada ya marekebisho unapima kile unachodaiwa kupima. Kenya imerekebisha kwa bidii. Uthibitisho haujapewa uzito huo mbele ya umma, na muda unayoyoma, kwa kuwa KCSE ya mwisho inatarajiwa kufanywa 2027.

Mtihani wa kidato cha nne haukuzaliwa ukiwa mlango wa chuo kikuu. Wakati wa ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru, wanafunzi wa Kenya walifanya mitihani iliyosimamiwa kutoka Cambridge, Uingereza. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki likaundwa 1967, Tanzania ikajiondoa 1971, na Kenya ikaanzisha Baraza la Mitihani ya Kitaifa, KNEC, mwaka 1980. Chini ya mfumo huo wa zamani, mtihani wa kidato cha nne ulimchuja mwanafunzi kuingia kidato cha tano. Chuo kikuu kilimpokea baada ya miaka miwili zaidi ya masomo machache aliyoyachimba kwa kina. Mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu) ulipoanza 1985, kidato cha tano na cha sita viliwekewa siku ya mwisho. KCSE ya kwanza ilifanywa 1989, na mtihani mmoja wa kidato cha nne ukarithi kazi iliyokuwa ikifanywa na mitihani miwili. Mabadiliko makubwa kuliko yote katika historia ya mtihani huu ni hayo, na ndiyo yanayosahaulika upesi zaidi watu wanapobishana kuhusu gredi.

C+ yenyewe imebadilika uzito ingawa jina halijabadilika. Enzi za Bodi ya Pamoja ya Udahili, JAB, mwanafunzi aliyepata C+ alikuwa amefikia kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu, lakini nafasi zilizofadhiliwa na serikali ziligawanywa kulingana na vitanda vilivyokuwepo vyuoni. Mara nyingi alihitaji B au zaidi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliunda taasisi ya kuwapangia wanafunzi vyuo, KUCCPS, kuchukua kazi hiyo. Matokeo ya 2016 yalipotoka, kwa mara ya kwanza nafasi zilitosha wote waliofikia C+, zikiwemo za vyuo vikuu vya binafsi. Tangu hapo C+ ndiyo mlango wenyewe, na mabishano ya gredi yakawa mabishano ya nani anaingia.

Hesabu yenyewe ni rahisi kufuata. A ina pointi 12, A- ina 11, ikishuka hivyo hadi E yenye pointi moja. Masomo saba yakijumlishwa, upeo ni 84. Kwa kozi mahususi kuna hesabu ya pili, ile wanafunzi wanayoiita pointi za klasta: masomo manne yanayohusiana na kozi hupewa jumla ya 48. Sehemu ambayo mwanafunzi alipata katika klasta huzidishwa kwa sehemu aliyopata katika jumla kuu, kipeuo cha pili cha zao hilo hutafutwa, kisha huzidishwa kwa 48. Mwanafunzi mwenye 40 kati ya 48 katika klasta na 66 kati ya 84 kwa jumla huishia na 38.8. Hivyo ndivyo wanafunzi wengi wanavyojipigia hesabu kabla ya kuchagua kozi, iwe ni uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor au ualimu katika Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi.

Nyuma ya pointi hizo kuna karatasi iliyosahihishwa na mtu. Hapa inafaa kuangalia kwa karibu. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili, 102/1, ni ya insha. Mtahiniwa huandika insha mbili, moja ya lazima na nyingine ya kuchagua, kila moja ikiwa na alama 20. Msahihishaji haanzi kuhesabu makosa. Kwanza huiweka insha katika kiwango: D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Kisha ndani ya kiwango hicho hutazama maudhui, mtindo, msamiati, sarufi na tahajia. Uamuzi wa kwanza, ule wa kiwango, ndio mzito kuliko yote yanayofuata. Insha iliyo mpakani mwa B na C inaweza kupewa 12 na msahihishaji mmoja na 10 na mwingine, wote wawili wakiwa waaminifu na wazoefu.

Hisabati ina utaratibu mwingine. Mwongozo wa kusahihisha hugawa alama za njia, zinazoandikwa M, na alama za usahihi wa jibu, zinazoandikwa A. Aliyefuata njia sawa akakosea hesabu ya mwisho hupata M na kuikosa A. Hapo hitilafu kati ya wasahihishaji huwa ndogo. Wanaopima mitihani hulijumuisha jambo hili katika neno uthabiti: je, karatasi ileile ikipewa msahihishaji mwingine, itarudi na alama ileile? KNEC hulishughulikia kwa kuwakalisha wasahihishaji pamoja kabla ya kazi kuanza, wakasahihisha sampuli moja hadi alama zao zikaribiane. Viongozi wa vikundi nao hupitia upya baadhi ya karatasi. Utaratibu huo ni mzuri. Kinachokosekana ni matokeo yake kuchapishwa: wazazi na vyuo vikuu hawaelezwi, kwa kila somo, alama za wasahihishaji wawili hutofautiana kwa kiasi gani.

Baada ya usahihishaji huja kikao cha kuweka mipaka ya gredi. Ni hapo ambapo alama ghafi hugeuka kuwa gredi. Alama zinazohitajika kupata A hazilingani katika masomo yote wala katika miaka yote, kwa sababu karatasi ya mwaka mmoja inaweza kuwa ngumu kuliko ya mwaka uliotangulia. Kusawazisha huko si hila. Ni kazi ya lazima katika mtihani wowote unaotungwa upya kila mwaka. Ugumu ni kwamba KCSE hutungwa kwa siri kamili: maswali hayajaribiwi kwanza kwa kundi la wanafunzi, na hakuna maswali ya zamani yanayorudiwa kimyakimya ili kulinganisha kizazi kimoja na kingine. Kwa hiyo ulinganifu wa miaka hubaki mikononi mwa watahini wakuu na uzoefu wao.

Udhaifu huo ulionekana wazi mwishoni mwa 2016. Mwaka uliotangulia, udanganyifu ulikuwa umekithiri hadi matokeo ya watahiniwa 5,101 yakafutwa. Mnamo Machi 2016, Waziri wa Elimu Fred Matiang'i aliivunja bodi ya KNEC na kumkabidhi uenyekiti Profesa George Magoha, aliyekuwa makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Karatasi za mtihani zilianza kuhifadhiwa katika makontena yenye kufuli mbili, na walimu wakuu wakatakiwa kuzichukua wenyewe alfajiri ya siku ya mtihani. Matokeo, ambayo kwa kawaida yalitoka Februari au Machi, yalitangazwa tarehe 29 Desemba 2016, na Matiang'i aliyatangazia Pwani, katika shule ya Shimo la Tewa, kaskazini mwa Nyali.

Takwimu zilizosomwa siku hiyo zilishtua nchi nzima. Waliopata A walikuwa 141, ilhali mwaka uliotangulia walizidi 2,600. Waliofikia C+ walishuka kutoka 169,492 hadi 88,929. Mwaka uliofuata, 2017, walishuka tena hadi 70,073, ingawa idadi ya watahiniwa ilikuwa imeongezeka hadi zaidi ya 610,000.

Haiwezekani kwamba vijana wa Kenya walipungukiwa na elimu kwa kiasi hicho ndani ya miezi kumi na miwili. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba udanganyifu umezimwa na gredi sasa ni za kweli. Sehemu kubwa ya maelezo hayo inakubalika, maana karatasi zilizovuja hupandisha alama, na zisipovuja alama hushuka. Lakini walimu na wabunge waliuliza swali la pili, nalo lilikuwa la haki: je, mipaka ya gredi iliwekwa vipi, na alama zilisawazishwa au la? Sababu mbili zinapotokea kwa pamoja, kuzitenganisha kunahitaji kipimo cha kando, kwa mfano kikundi cha wanafunzi waliojibu maswali yaleyale katika miaka yote miwili. Kipimo hicho hakikuwepo, na kwa hiyo kila upande ulibaki na imani yake. Maelfu ya vijana waliokosa C+ miaka hiyo miwili waliishi na matokeo ya mjadala ambao haukuwa na namna ya kuamuliwa. Hilo ni jambo la kusikitisha, na halikuwa la lazima.

Tanzania ilikuwa imepitia jambo la aina hiyo muda mfupi tu uliotangulia. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwaweka zaidi ya nusu ya watahiniwa katika daraja la sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na moja ya mambo iliyoyabaini ni kwamba Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lilikuwa limetumia viwango vya alama visivyobadilika badala ya utaratibu wa awali wa kuvilegeza kulingana na ugumu wa mtihani. Serikali ilifuta matokeo hayo, alama zikasawazishwa upya, na kiwango cha kufaulu kikapanda kutoka takriban asilimia 34 hadi 43. Hakuna mtahiniwa aliyeandika neno jipya kwenye karatasi yake. Baadaye NECTA ilihamia mfumo wa wastani wa pointi, GPA, kisha mwaka 2016 ikaamriwa kurudi kwenye madaraja. Mabadiliko matatu katika miaka minne ni mengi mno kwa mtihani unaoshika hatima ya watoto.

Nchini Kenya, badiliko kubwa lililofuata lilikuja kwa njia ya tume. Jopo la Rais la mageuzi ya elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, liliteuliwa Septemba 2022 na kukabidhi ripoti yake Agosti 2023. Hadi wakati huo, gredi ya wastani ilihesabu masomo matatu ya lazima, yaani Kiingereza, Kiswahili na Hisabati, kisha sayansi mbili, somo moja la jamii au dini, na somo jingine moja. Kanuni mpya, iliyoanza na KCSE ya 2023, inahesabu Hisabati, lugha moja kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara ya Kenya, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi.

Chukua mtahiniwa wa kubuni wa Ziwa la Ng'ombe. Ana Hisabati D+ (4), Kiingereza D+ (4), Kiswahili B+ (10), Baiolojia C- (5), Kemia D (3), Dini ya Kiislamu B+ (10), Historia B- (8) na Biashara B- (8). Kwa kanuni ya zamani anahesabiwa Hisabati, lugha zote mbili, sayansi zote mbili, Dini na Historia. Jumla ni 44, nayo ni C. Kwa kanuni mpya Kemia inaachwa na Biashara inaingia mahali pake. Jumla inakuwa 49, nayo ni C+. Mwaka mmoja angeelekezwa kwenye diploma, mwaka unaofuata angeomba shahada ya ualimu wa Kiswahili na Dini.

Kanuni mpya ina hoja nzito nyuma yake. Kemia ya kidato cha nne haisemi mengi kuhusu uwezo wa mtu kufundisha fasihi, na kwa mwanafunzi wa Mombasa, ambaye Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya mtaani, kanuni ya lugha moja inaacha nguvu yake ionekane. Lakini Kiingereza ndicho lugha ya mihadhara na mitihani katika karibu kozi zote za vyuo vikuu vya Kenya. D+ ya Kiingereza, ambayo si lazima tena ihesabiwe, huenda inasema jambo la kweli kuhusu mwaka wa kwanza wa mwanafunzi chuoni, na huenda haisemi lolote. Hapa maoni hayatoshi. Jibu lipo katika rekodi za wanafunzi wenyewe.

Idadi ya waliofikia C+ ilipanda kutoka 173,345 mwaka 2022 hadi 201,133 mwaka 2023, kisha 246,391 mwaka 2024. Watahiniwa nao waliongezeka, kwa hiyo si ongezeko lote linalotokana na kanuni mpya. Hata hivyo KNEC inazo alama za kila somo la kila mtahiniwa, na ingeweza kukokotoa kwa siku chache ni wangapi walivuka kizingiti kwa sababu ya kanuni peke yake. Nambari hiyo ingekuwa mwanzo mzuri wa mjadala wa maana.

Kuthibitisha mtihani wa kuingilia chuo huanza na maudhui: je, maswali yanagusa silabasi yote iliyoandaliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, au yanazunguka mada zilezile hadi walimu wa masomo ya ziada wanayabashiri? Huendelea na uthabiti wa usahihishaji, uliokwisha kuelezwa. Huuliza pia kama mtihani unawatendea haki watahiniwa wa aina zote. Swali la Fizikia kuhusu kifaa ambacho shule yenye maabara kamili inacho na shule ya mtaa wa mabanda haina, hupima maabara zaidi ya akili. Mtahiniwa kiziwi anayefanya Lugha ya Ishara ya Kenya naye anastahili uhakika kwamba gredi yake ina uzito sawa na ya wenzake.

Lililo zito kuliko yote ni utabiri. Mtihani unaotumiwa kuchagua wanafunzi wa shahada unadai, hata kama hausemi, kwamba wenye alama za juu watafanya vyema zaidi chuoni. Dai hilo hupimwa kwa kufuatilia wanafunzi. Marekani hufanya hivyo kwa mtihani wa SAT, ulioanza 1926 chini ya Carl Brigham na kurekebishwa mara kadhaa. Baada ya marekebisho makubwa ya 2016, taasisi ya College Board ilifuatilia zaidi ya wanafunzi 200,000 wa mwaka wa kwanza kuona kama alama za mtihani mpya zinakwenda sambamba na alama zao chuoni. Matokeo yalionyesha kuwa mtihani na rekodi ya shule vikitumiwa pamoja hutabiri vizuri kuliko kimoja peke yake. Wapo wanaoupinga mtihani huo kwa hoja nzito, na Chuo Kikuu cha California kiliamua 2020 kuachana nao. Lakini wanaoupinga na wanaoutetea hubishana juu ya takwimu zilizo mezani.

Uchunguzi wa aina hiyo una mtego wake. Chuo kikuu huwaona waliovuka kizingiti tu. Waliobaki chini hawaonekani, na kwa hiyo haijulikani wangefanyaje. Kenya, kwa bahati, ina njia ya kuukwepa mtego huo. Kila mwaka wapo wanafunzi waliopata C au C- wanaopitia diploma katika vyuo anuwai, kama vile Kenya Coast National Polytechnic ya Mombasa, kisha wanajiunga na shahada. Hao walikataliwa na mtihani, wakaingia kwa mlango mwingine, na alama zao za shahada zipo. Kuwalinganisha na wenzao walioingia moja kwa moja na C+ kungeonyesha kama kizingiti kimewekwa mahali pake.

Kundi la pili ni wale wa 2023. Watahiniwa waliovuka C+ kwa kanuni mpya, na ambao kwa kanuni ya zamani wangeishia C, waliingia vyuoni 2024. Walio kwenye kozi za miaka minne watahitimu 2028. KNEC inayo orodha yao, KUCCPS inajua walipelekwa wapi, na vyuo vikuu vina alama zao za kila muhula. Vitu vitatu hivyo havijawahi kuunganishwa na kuchapishwa kwa namna ambayo mzazi wa Kisauni au Likoni angeweza kuisoma. Kuviunganisha hakuhitaji sheria mpya, ila makubaliano kati ya taasisi tatu, mtaalamu wa takwimu, na uangalifu wa kuficha majina ya wanafunzi.

Haraka inatokana na mtaala. Wanafunzi wa mwisho wa 8-4-4, waliofanya mtihani wa mwisho wa darasa la nane, KCPE, 2023, watafanya KCSE 2027. Nyuma yao wanakuja wa mtaala wa umilisi, CBE, ambao kwa mara ya kwanza walifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa Gredi ya 9 mwaka 2025, wakiwa zaidi ya milioni 1.1. Alama zao za kuwapangia shule za sekondari ya juu zilitokana na asilimia 60 ya mtihani huo, asilimia 20 ya tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 ya kazi zilizopimwa shuleni katika Gredi ya 7 na 8. Wazo la kutomhukumu mtoto kwa karatasi moja ni zuri na lilichelewa. Linaleta pia swali jipya: mradi wa kilimo uliopewa alama na mwalimu wa shule ya binafsi huko Nyali, mwenye wanafunzi ishirini, na ule uliopewa alama na mwalimu wa shule ya umma yenye darasa lililofurika, inalinganishwaje? Nchi nyingi zinazotumia tathmini ya shuleni huchukua sampuli za kazi hizo na kuzisahihisha upya nje ya shule.

Wanafunzi wa kwanza wa CBE wanatarajiwa kumaliza Gredi ya 12 mwaka 2028, kwa mtihani ambao utalazimika kufanya kazi ya KCSE ya kufungua milango ya vyuo. Vyuo vikuu vitapokea vijana wenye gredi za aina mpya bila kujua zinalingana na nini katika zile za zamani. Njia ya kuandaa ulinganisho ni kuhifadhi sasa sampuli za karatasi za majibu za KCSE ya 2025, 2026 na 2027, pamoja na alama za kila swali, kutoka shule za aina zote na kaunti zote. Baadhi ya maswali hayo yangewekwa, bila kutangazwa, ndani ya mtihani wa kwanza wa Gredi ya 12. Karatasi zikishateketezwa baada ya muda wa kawaida wa kuhifadhiwa, ulinganisho huo hautawezekana tena.